Wimbo wa Mama Aliyeupa Mto Mwanawe

JESHI LA POLISI TANZANIA
KITUO KIDOGO CHA POLISI, OLD MOSHI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Anaeli Ndekirwa Njau
Umri: Miaka 81
Kabila: Mchagga
Dini: Mkristo, Mlutheri
Kazi: Mkulima wa kahawa na migomba (shahidi ametaka iongezwe: na msimulizi wa hadithi)
Makazi: Kitongoji cha Kisaroni, Old Moshi
Tarehe: 17 Septemba 1996, kuanzia saa 3:20 asubuhi
Kuhusu: Kudhuru mwili. Mlalamikaji Winfrida d/o Filemon. Mtuhumiwa Remigius s/o Tarimo, yuko mahabusu.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nina miaka themanini na moja na meno kumi na tisa, yote ya kwangu. Mjerumani aliondoka nikiwa mgongoni kwa mama, Mwingereza aliondoka nikiwa na wake wawili, na Mangi wetu, yaani chifu, aliondolewa nikiwa naangalia. Nimewazika wake wote wawili na watoto watatu. Nimemzika pia daktari aliyeniambia mwaka 1969 kwamba moyo wangu hautafika Krismasi. Chama cha ushirika cha kahawa kilifutwa, kikarudishwa, bei ikapanda, ikaanguka, nami nipo. Nilikwenda vitani Burma nikarudi na vidole vyote kumi. Nasema haya ili afande ajue kwamba kichwa changu ni kizima na sijaletwa hapa na mtu. Nimetembea kwa miguu yangu. Shule nilisoma madarasa mawili. Jina langu naweza kuliandika ila linachukua muda, kwa hiyo nitaweka dole gumba.

Winfrida namfahamu tangu hajaota meno. Mama yake, Eliona, ni jirani yangu wa upande wa juu. Alikwenda kusomea uimbaji Ujerumani miaka sita. Siyo uimbaji wa kwaya. Huu mtu anasimama peke yake, hana kipaza sauti, kando yake kuna kinanda, na watu wanakaa kimya kama wako kwenye mtihani. Sauti yake inafika ukuta wa nyuma inarudi. Mara ya kwanza kumsikia nilidhani anaumwa. Mara ya pili nilivua kofia.

Mnamo mwezi wa sita mwaka 1995, tarehe siikumbuki, Winfrida alikuja nyumbani kwangu na redio kaseti. Aliniamkia, akasema, "Babu, nataka hadithi za zamani, za kabla ya misheni, nizitengenezee nyimbo." Nikamwambia amefika ghalani kwenyewe. Kuanzia Kisaroni mpaka Kwa Sadala hakuna anayejua hadithi kunizidi, na waliokuwa wananizidi wamekufa. Nilimsimulia siku tatu, hadithi kumi na moja. Nilimpa ya Mawenzi alivyokwenda kuomba moto kwa Kibo akapigwa mchi mpaka leo ana makovu. Nilimpa ya msichana aliyeolewa na ukungu. Siku ya tatu alasiri kanda ilikuwa na nafasi kidogo imebaki. Akasema, "Babu, moja tu, fupi." Nikampa ya mama aliyeupa mto mwanawe.

Akaniuliza, "Hii nayo ni ya zamani?"

Nikamjibu, "Ya zamani kuliko barafu ya Kibo."

Hapo nilimdanganya. Hadithi ile niliitunga mimi, mwaka 1988. Afande ameniuliza hilo linahusiana vipi na mkono uliovunjika. Linahusiana, na inabidi nirudi nyuma kidogo.

Mnamo mwezi wa nne mwaka 1988, wakati wa masika, mtoto wa Remigius Tarimo alichukuliwa na maji. Mtoto aliitwa Sirili, alikuwa na miaka minne. Remigius ni Mkatoliki, ukoo wao walihamia kwetu kutoka Rombo, na nyumba yake iko ng'ambo ya mto, inatazamana na yangu. Siku ile, kama saa nne asubuhi, mimi nilikuwa nazibua tope pale mfongo unapoanzia, yaani mfereji wetu wa kumwagilia. Mke wa Remigius, Mektrida, alikuwa anakata majani ya ng'ombe ukingoni. Mtoto alipanda gogo la kuvukia, akateleza. Mektrida aliingia majini na nguo zake zote. Maji yalimfika shingoni. Alishika mzizi kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine akawa anapapasa. Mimi ndiye niliyemvuta nje. Alitoka na sweta ya mtoto tu. Alitaka kurudi nikamkalia, na nguvu za kumkalia nilikuwa nazo, ingawa nilikuwa na miaka sabini na tatu. Mtoto alionekana kesho yake huko chini, karibu na daraja.

Mwezi wa saba mwaka huo huo nilikuwa kwenye kilabu cha Yuditha cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Ilikuwa Jumamosi mchana. Watu wakasema, maana kwetu mzee huitwa meku, "Meku, za Kibo na Mawenzi tumezichoka. Tupe mpya." Mimi sijawahi kuombwa mpya nikashindwa. Nilikuwa kwenye kata ya nne. Nikasema palikuwa na mwanamke aliyetamani ng'ombe. Mto ukamwambia, nipe kilicho laini kuliko vyote nyumbani kwako. Mwanamke akaupa mtoto wake. Asubuhi akaamka akakuta ng'ombe kwenye migomba, kiwele kimejaa, na kwenye paji la uso ana baka jeupe.

Watu walicheka. Halafu wakaacha kucheka, wakaangaliana. Kwa sababu mwezi wa tano, mwezi mmoja baada ya msiba, Mektrida alikuwa amepewa ng'ombe wa maziwa na mradi wa parokia. Zamu yake ilikuwa imefika, jina lake lilikuwa kwenye orodha tangu mwaka uliotangulia. Na ng'ombe yule alikuwa na baka jeupe.

Afande ameniuliza kama lile baka niliweka makusudi. Niliweka makusudi. Hadithi inataka kitu ambacho msikilizaji amekwisha kukiona kwa macho yake. Jina sikutaja. Sikuwa na ugomvi wowote na yule mama, na mumewe tulikuwa tunapeana zamu za maji bila maneno. Watu walitaka mpya nikawapa.

Ilikuwa nzuri, hiyo hadithi. Nilikuwa nimeitilia kiitikio, "Mto, pokea, mto, pokea." Ilifika Bomang'ombe kabla kahawa ya mwaka ule haijakauka. Wanawake wakimwona Mektrida sokoni walikuwa wanaimba hicho kiitikio kwa pua, midomo imefungwa. Maziwa yake yakakosa wa kuyanywa. Mwezi wa pili mwaka 1989 alirudi kwa kaka zake Rombo, na Remigius alimfuata mara tatu akarudi peke yake. Mektrida alifia huko mwaka 1991. Remigius aliacha kunisalimia tangu mwaka ule mkewe alipoondoka. Mimi pia sikumsalimia, maana nimemzidi miaka kumi na minne, na mkubwa haanzi yeye.

Afande ni Mchagga, anajua habari ya masale, lakini nataka iandikwe kwa ajili ya hakimu, huenda ni mtu wa mkoa mwingine. Kwetu, aliyemkosea mwenzake huchuma jani la masale, hulifunga fundo, akampelekea. Anapeleka mwenyewe, au anamtuma mzee anayeheshimika. Kosa linatajwa kwa mdomo, waziwazi, ndipo jani linatolewa. Aliyeletewa masale hakatai. Masale yamezunguka kihamba changu, yaani shamba la nyumbani, pande zote nne. Kwa miaka saba, minane, sikuchuma hata moja.

Mnamo tarehe 25 Agosti 1996, Jumapili, baada ya ibada, Winfrida alikuja kuniambia kwamba nyimbo zimekamilika na ataziimba kwenye ukumbi wa usharika. Akaniimbia kidogo pale uani. Akaimba ule wa mto. Nikamkumbuka Mektrida. Lakini nitasema kweli, nilisikia na fahari. Hadithi yangu ilikuwa imevaa suti. Yeye Winfrida mwaka 1988 alikuwa shule ya bweni, kisha akaenda ng'ambo, hakujua habari za Mektrida. Mama yake anazijua, ila mama yake yuko Dar es Salaam tangu mwezi wa saba, anamlelea mkwe mtoto mchanga.

Ningeweza kumwambia pale pale. Badala yake nikapata akili, au nilichokiita akili. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, kuna mwisho niliusahau. Mwishoni jirani anampelekea mume wa yule mama masale."

Winfrida alipiga makofi. "Babu! Huo ndio ulikuwa unakosekana! Nilikuwa sijui niumalizie wapi!" Akaniuliza yanapelekwaje. Nikamwonyesha, mikono miwili, magoti yameinama kidogo. Nikamwambia ashuke jukwaani huku anaimba, ampe mzee atakayekuwa kiti cha kwanza upande wa kulia, mwenye kofia ya pama. Nikamwambia wazee watafurahi sana. Hakuniuliza ni mzee gani. Aliniamini.

Nilipiga mahesabu yangu hivi. Mbele ya watu mia mbili na wageni na watumishi wa kanisa, Remigius hatakataa masale. Akishayashika, yameshikwa. Na mimi sitakuwa nimeinama. Nikamwomba mwinjilisti Isack ampelekee Remigius mwaliko kama unatoka usharikani, maana wa kwangu asingeupokea. Isack hakujua kitu. Alidhani natafuta umoja wa madhehebu, akanishukuru.

Mnamo tarehe 14 Septemba 1996, siku ya Jumamosi, niliingia ukumbini saa 8:40 mchana. Nilivaa koti langu la jeshi. Nilikaa safu ya pili, kiti cha kwanza kulia, nyuma tu ya kiti cha Remigius. Kushoto kwangu alikaa Yuditha mwenye kilabu. Watu walijaa mpaka madirishani, na wageni wanne wa Kijerumani walikuwepo. Remigius aliingia saa 8:55 na binti yake Dominika. Alionyeshwa kiti, akakaa. Dominika alikwenda kukaa nyuma na wanawake. Aliponipita alisema, "Shikamoo babu." Nikaitika.

Tulipewa karatasi ya ratiba. Humo waliandika, hadithi zimesimuliwa na Babu Anaeli Njau. Kusoma yote sikuweza, lakini jina langu nalitambua hata likiwa ng'ambo ya barabara. Nilimpa Yuditha anisomee mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Meku, halijabadilika."

Saa tisa kamili Winfrida alianza. Kinanda alikipiga Mwalimu Jovin, mtoto wa dada yangu. Kinanda kilikuwa chini, kando ya ngazi za jukwaa. Ni cha misheni, kina sauti mbili zilizokufa, ila Jovin anajua kuzikwepa. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa Mawenzi. Yuditha akaninong'oneza, "Mbona Mawenzi analia hivyo?" Nikamwambia, "Kapigwa mchi, unataka acheke?" Wimbo wa pili ulikuwa wa msichana na ukungu. Mgeni mmoja wa Kijerumani alifuta macho. Watu walipiga makofi, wengine wakageuka kuniangalia mimi. Niliinamisha kichwa kidogo, kama inavyotakiwa.

Saa 10:05 alianza ule wimbo wa mto. Alipofika kwenye "Mto, pokea," ukumbi ulitikisika. Viti vililia. Mtu mmoja kule nyuma alicheka, akanyamazishwa. Yuditha akanishika mkono, "Anaeli, huu si ule wa kwangu kilabuni?" Hakuniita meku. Nilikuwa namwangalia Remigius kwa nyuma. Alivua kofia akaiweka magotini. Shingo yake ilikuwa imesimama. Hakutoka. Nikajiambia, anaguswa, inafanya kazi.

Nataka liandikwe na hili, ingawa afande anaona halihusiani. Winfrida aliimba pale mama anaposhuka mtoni kumkabidhi mtoto. Aliimba vizuri kiasi kwamba nilimwona yule mama. Nilimwona anamnyanyua mtoto na kumtoa. Mimi niliyekuwepo, mimi niliyemvuta Mektrida majini kwa mikono hii, kwa muda ule nilisahau kilichotokea nikaamini cha kwangu. Kama mimi niliamini, wale wengine je?

Saa 10:15 hivi Winfrida alishuka ngazi na masale mikononi. Ni mimi niliyeyachuma asubuhi ile na kuyafunga fundo, nikampa. Alisimama kwenye ngazi ya mwisho, akainama, akamnyooshea Remigius. Remigius alisimama. Mkononi alikuwa na fimbo yake ya kutembelea na akainyanyua. Aliinyanyua mbele ya kifua chake, imelala, kama mtu anayezuia mlango. Hakumpiga nayo mtu. Hakuisogeza. Alisema kwa sauti ya chini, "Binti, nani amekutuma?"

Winfrida alikuwa bado anaimba. Nadhani alifikiri mzee anashiriki. Remigius akarudia, "Nakuuliza kwa heshima. Nani amekutuma na hili?"

Hapo nilipaswa kusimama niseme ni mimi. Nilisimama. Kusema sikusema. Niliona anataka kukataa, na masale yakikataliwa mbele ya watu wote wale hayapelekwi tena. Nilipita pembeni ya kiti chake, nikamshika Winfrida kifundo cha mkono wa kushoto, nikamvuta ili jani limfikie Remigius mkononi kwa nguvu. Nikasema, "Pokea!" Yuditha alinivuta koti kwa nyuma, mfuko ukachanika. Winfrida hakutegemea kuvutwa. Mguu wake ulikanyaga gauni, akaanguka kwa ubavu, mkono ukapiga kona ya kinanda. Burma nilisikia mifupa ikivunjika. Nilipousikia ule mlio nilijua.

Hapa afande, Koplo Hilda, ameweka kalamu chini. Ameniambia, "Babu, subiri kwanza. Ukiendelea hivi wewe si shahidi tena, unajitia hatiani. Una haki ya kunyamaza, na ukisema nitaandika na itasomwa mahakamani." Nimemjibu kwamba nimenyamaza siku tatu na sijaona faida yake. Ameniuliza kama nataka ndugu awepo. Nimesema ndugu zangu wote ni waoga, aandike. Nimetaka na haya mazungumzo yaandikwe.

Naendelea. Kinanda kilinyamaza. Watu walisimama wote kwa pamoja. Waliokuwa nyuma walichoona ni Remigius amesimama, fimbo iko juu, na binti yuko chini. Mwanamke mmoja alipiga kelele, "Amempiga! Remigius amempiga mtoto wa watu!" Mgambo wawili wakaja wakamshika. Hakubisha. Aliniangalia mimi tu, kisha akaokota kofia yake akaipangusa. Winfrida alikuwa analia na kusema hajui, hajui, amesikia amevutwa tu. Alipelekwa mjini hospitali kwa gari la wageni.

Mimi walinikalisha kwenye kiti wakanipepea. Wakasema, "Mnamwona meku! Miaka themanini na moja, amerukia pale kumkinga binti!" Mwinjilisti Isack alinishika mabega, akaomba. Sikuwaambia kwamba wanakosea. Nilisema nina kiu.

Jumapili tarehe 15, baada ya ibada, waliniuliza ilikuwaje, nikawaambia. Nilisema niliona macho ya Remigius yamebadilika, nikajua. Jumapili jioni nikasimulia tena, nikaongeza kwamba fimbo ilipita karibu na sikio langu nikasikia upepo wake. Jumatatu tarehe 16, saa sita mchana, nilikuwa kilabuni nasimulia kwa mara ya tatu, na watu wa Kwa Sadala wawili walikuwa wamekuja kusikiliza. Waliniletea mbege. Yuditha alikuwa anaosha kata kwa nguvu. Nilikuwa nimefika kwenye upepo wa fimbo.

Dominika akapita barabarani, amebeba kapu lenye chakula cha baba yake, anashuka kuja hapa kituoni. Vijana waliokuwa mlangoni wakaanza kuimba kwa pua, midomo imefungwa. Ule ule. "Mto, pokea." Yeye Dominika alinyoosha shingo akaendelea kutembea. Alipofika usawa wangu akasema, "Shikamoo babu."

Sikuweza kuitika. Mama yake alikuwa anapita pale pale, kwa mwendo ule ule, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda kile kile. Wale wa Kwa Sadala wakasema, "Endelea, meku. Fimbo ikapita." Nikawaambia imeishia hapo. Wakasema haiwezi kuishia hapo. Yuditha akasema, "Mmesikia imeishia. Mnywe mwende." Niliondoka na kata ikiwa imejaa, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nizaliwe.

Jana saa kumi jioni nilikwenda hospitali mjini kumwona Winfrida. Nilimwambia yote kama nilivyoeleza hapa. Alinisikiliza na mkono wake ukiwa kwenye plasta. Aliuliza jambo moja tu, "Babu, yule mama jina lake alikuwa nani?" Nikamwambia. Akageukia ukutani. Nilikaa mpaka muuguzi akaniambia muda umekwisha.

Leo nimekuja kusema mambo mawili. La kwanza, Remigius Tarimo hakumgusa Winfrida. Aliyemvuta ni mimi, kwa mkono wangu wa kulia, na mumtoe mahabusu leo, siyo kesho. La pili, mwaka 1988 Mektrida hakuupa mto mtoto wake. Aliingia majini mpaka shingoni kumtafuta. Koplo ameniambia la pili si kosa la jinai na halina nafasi kwenye jalada. Nimemwambia alitafutie nafasi. Uongo wangu umeimbwa sokoni, umeimbwa kwa mtindo wa Kijerumani na kinanda, na ukweli haujaandikwa hata kwenye karatasi moja. Iandikwe kwenye hii yenye nembo ya serikali.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ndiyo hayo, sina la kupunguza. Wanaoweza kuyathibitisha ni hawa. Yuditha, kwa sababu alinichania koti, na koti nimelileta, liko mezani kwa afande. Mwalimu Jovin, aliyekuwa mbele yangu hatua mbili. Najua mlimwuliza akasema hakuona vizuri. Aliona. Mimi ni mjomba wake na amenitunzia heshima. Mwulizeni tena, mwambieni mjomba amemruhusu. Winfrida mwenyewe, akiulizwa mkono uliomshika ulitokea upande gani.

Na wa mwisho ni Remigius. Aliniona kuliko wote, nilikuwa usoni kwake. Siku tatu amekaa ndani na hajanitaja. Nadhani naye ameona mimi ni mzee, hakutaka kuniaibisha. Mwulizeni yeye.

Dole gumba la kulia la Anaeli Ndekirwa Njau

MAELEZO YA OFISA MWANDISHI

Mimi WP 2117 Koplo Hilda nathibitisha kwamba maelezo haya nimeyaandika kama yalivyotolewa kwa Kiswahili, yakianza kama ya shahidi. Mtoa maelezo alionywa saa 4:35 asubuhi kama inavyoonekana ndani, akachagua kuendelea. Nilimsomea yote saa 5:10. Aliyakubali, ila alitaka neno "nikamkalia" lisifutwe. Kielelezo: koti moja la jeshi, la zamani, mfuko wa kulia umechanika.

Saa 5:40 nilimhoji mtuhumiwa Remigius Tarimo mahabusu. Alipoulizwa kama Anaeli Njau ndiye aliyemvuta mlalamikaji, alijibu: "Ndiyo, nilimwona." Alipoulizwa kwa nini hakusema siku zote tatu, alijibu: "Ningesema mimi, na yule aseme yake, wangemsikiliza nani?" Aliomba maji. Hakutaka kusema zaidi.

Sahihi: WP 2117 Koplo Hilda
Saa 5:55 asubuhi, 17/9/1996